Mumiani Hana Kasri

Mchezo wa redio ukitaka kumtisha msikilizaji kwa habari za mnyonya damu, na usitake kumdhuru, hauna budi kumpeleka kwanza mbali na kwao. Hivyo ndivyo walivyofanya waigizaji wa Mercury Theatre huko Marekani tarehe 11 Julai 1938, walipofungua mfululizo wa michezo yao katika redio ya CBS kwa kuigiza Dracula, hadithi ya Bram Stoker iliyochapishwa mwaka 1897. Kabla msikilizaji hajaisikia sauti ya Dracula mwenyewe, amekwisha kupandishwa gari la farasi, akapelekwa usiku katika milima asiyoijua, mbwamwitu wakilia pande zote, mpaka kwenye kasri la bwana mmoja ambaye haonekani mchana. Ni nani katika New York au Chicago aliyekuwa na jirani mwenye kasri? Hakuna. Kwa hiyo msikilizaji aliogopa kwa raha, kama mtu anayemtazama simba aliyefungiwa tunduni.

Mchezo huo ulirekodiwa, na kwa bahati njema bado upo. Mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam aliniwekea katika simu alipokuja likizo, akijua kwamba mimi ni mtu wa redio tangu utoto. Nimeusikiliza mara nne hapa nyumbani Ipuli, na kila mara swali moja limenijia. Sisi watu wa Tabora, na sisi Waafrika Mashariki kwa jumla, tuna mnyonya damu wetu. Tulimjua kabla ya kumsikia Dracula. Redio nayo tumekuwa nayo tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, na michezo ya kuigiza tumeipenda sana. Mbona basi, kwa miaka yote niliyokaa karibu na redio, sikuwahi kusikia mchezo wenye mumiani ndani yake?

Sina nia ya kuwalaumu watayarishaji wetu. Nadhani walikuwa na sababu nzuri kuliko wao wenyewe walivyojua. Lakini ukimya huo umetugharimu, na katika kurasa hizi nataka kueleza yote mawili: kwa nini walifanya vyema kunyamaza, na kwa nini sasa mtu angepaswa kusema.

Tuanze na ufundi. Orson Welles, aliyeongoza mchezo ule, alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Hadithi ya Stoker imeandikwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na kumbukumbu za nahodha wa meli. Welles alitambua kwamba mambo hayo ni mali ya redio, kwa kuwa kila karatasi inahitaji msomaji, na kila msomaji ana sauti yake. Hivyo tunamsikia kijana Jonathan Harker akisoma shajara yake kwa kujiamini, kisha kwa wasiwasi, kisha kwa hofu. Tunamsikia nahodha akihesabu mabaharia wake wanaopotea mmoja mmoja. Hakuna picha. Damu yote inamwagika katika kichwa cha msikilizaji, na kila mtu huimwaga kwa kiasi anachoweza kuvumilia.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na sijui kama wasikilizaji wa siku ile walilitambua. Welles aliigiza sauti mbili: ya Dracula na ya Daktari Seward. Anayenyonya damu na anayejaribu kuiokoa walitoka katika koo moja. Huenda sababu ilikuwa nyepesi tu, kwamba kiongozi wa kundi alipenda kuwa na sehemu kubwa. Lakini mimi niliyekulia Ipuli, nilipoelezwa jambo hilo, nilitulia kwa muda. Kwetu sisi hiyo haikuwa mbinu ya jukwaani. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Mumiani ni nani? Neno hilo ni la kale katika pwani yetu, nalo lilitoka Uajemi. Kwanza lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama utomvu, iliyotumiwa kwa mifupa iliyovunjika na maradhi mengine. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyokaushwa, na kwamba uvumi ukienea kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mjini hawatoki nje baada ya jua kuchwa. Hivyo jina la dawa likawa jina la anayeitafuta. Nairobi na Kampala aliitwa mzimamoto, kwa sababu watu waliamini kwamba wazimamoto wa serikali, wenye magari yao mekundu, ndio waliokamata watu usiku. Kule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Katika Kongo ya Wabelgiji walikuwa batumbula. Nasi utotoni tulitishwa kwa jina la chinja-chinja, jina ambalo halihitaji kufasiriwa.

Tofauti zake na Dracula ni za kushangaza. Mumiani hana kasri, ana ofisi. Haogopi jua, ila hufanya kazi usiku kwa sababu ndiyo zamu yake. Hana meno marefu, ana sindano, ndoo na mpira wa kuvutia damu. Haishi milele; akistaafu huja mwingine. Tena, na hili ndilo kubwa, yeye mwenyewe hainywi damu. Anaipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa anaiuza au anatengenezea dawa ya watu wa mbali. Dracula hunyonya kwa kiu yake mwenyewe. Mumiani hunyonya kwa mshahara.

Mwaka 2000 mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima juu ya hadithi hizi, baada ya kuwasikiliza wazee wa Uganda, Kenya na kwingineko. Hakujishughulisha kuthibitisha kama ni za kweli au za uongo. Aliuliza watu walikuwa wakisema nini walipozisimulia, naye akaona kwamba walikuwa wakiusema ukoloni: kazi za mshahara zisizoeleweka, vifaa vigeni, waganga wa Kizungu, magari yaliyobeba watu na kurudi matupu. Naafikiana naye, ila kwa mtu wa Tabora ningeongeza jambo.

Mji wetu ulikua juu ya mabega ya watu. Hapa Unyanyembe ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kwenda kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria na Buganda. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, kila mtu akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, kwa mwendo wa miezi kadhaa. Wapo waliokwenda kwa hiari na kurudi na nguo na jembe. Wapo waliopita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa minyororo, hao hawakurudi. Reli ilipofika mwaka 1912, vijana waliendelea kuondoka, sasa kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Sisemi kwamba hadithi ya chinja-chinja ilizaliwa na misafara. Nasema tu kwamba watu ambao kwa vizazi vitatu au vinne wameona nguvu za vijana wao zikichukuliwa na kupelekwa mahali wasipopaona, wakiambiwa kwamba kuna mtu anayechukua damu na kuipeleka mbali, hawataona ajabu. Wataona kwamba jambo wanalolijua limepewa jina.

Sasa tuirudie redio. Bibi yangu alisimulia habari za chinja-chinja kwa namna ambayo hakusimulia habari za sungura na fisi. Hadithi ya sungura ilikuwa na mlango wake: msimulizi huita, nasi huitikia, na kuanzia hapo kila mtu anajua kwamba wanyama wataongea. Habari ya chinja-chinja haikuwa na mlango. Ilianza kwa jina la mtu, jina la njia, na siku. Fulani mtoto wa fulani alikuwa akitoka kilabuni, akafika kwenye mwembe ule mkubwa, akaona gari limezima taa. Hakuna kuitikia. Msikilizaji haulizwi kama yuko tayari. Kwa maneno mengine, sungura ni mchezo wa kuigiza, lakini chinja-chinja ni taarifa ya habari.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Miezi mitatu na nusu hivi baada ya Dracula, tarehe 30 Oktoba 1938, kundi lile lile la Welles lilitangaza mchezo mwingine, uliotokana na hadithi ya H. G. Wells juu ya viumbe wa sayari ya Mihiri wanaoishambulia dunia. Safari hii hawakumpeleka msikilizaji mbali. Walimwacha pale pale alipo, wakataja kijiji cha kweli cha jimbo la New Jersey, wakakatiza muziki kwa matangazo ya dharura, wakaleta mwandishi wa habari na afisa wa serikali. Baadhi ya wasikilizaji waliamini. Magazeti ya kesho yake yalikuza hofu ile kupita kiasi, na watafiti wa siku hizi wameonyesha kwamba nchi nzima haikukimbia kama ilivyodaiwa. Lakini mchezo wa namna hiyo hiyo ulipotangazwa na Radio Quito huko Ekuado mnamo Februari 1949, watu waliamini kweli, na walipoambiwa kwamba ni mchezo wakaghadhibika, wakalichoma moto jengo la redio. Watu kadhaa wakafa.

Tafadhali, ndugu msomaji, linganisha michezo hiyo miwili na simulizi zetu. Dracula wa Julai ni kama sungura, kwa sababu ana mlango. Viumbe wa Oktoba ni ndugu wa chinja-chinja. Wanaingia kwa sauti ya habari, wakiwa na jina la kijiji na saa. Na sisi tunajua habari ya namna hiyo hufanya nini. Mwaka 1959, kule Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia na askari polisi mmoja akauawa. Mwaka 2017, wakati ambapo simu za mkononi zilikuwa zimejaa kila kijiji, uvumi wa wanyonya damu uliienea Malawi ya kusini. Makundi ya watu yaliua washukiwa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya zilizohusika. Waliouawa hawakuwa akina Dracula. Walikuwa wapita njia.

Kwa hiyo namwelewa mtayarishaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam wa miaka ya 1960 na 1970. Ilikuwa redio moja ya nchi nzima. Sauti iliyosoma taarifa ya habari baada ya ngoma ile iliyotunyamazisha sote ilitoka katika kisanduku kile kile kilichotuletea vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Hapa kwetu, mtu alisema "redio imesema" kama ambavyo angesema "serikali imesema". Lau siku moja kisanduku kile kingetoa mlio wa gari linalozima taa, na sauti ya mtu ikisema "mshike", nani angengoja mwisho wa mchezo ili asikie majina ya waigizaji? Kesho yake dereva wa gari lolote geni angekuwa mashakani. Kunyamaza kulikuwa busara.

Hata hivyo redio haikunyamaza kabisa. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonya damu alikuwa hewani karibu kila siku, ila alikuwa amebadilishwa mavazi. Aliitwa mnyonyaji. Aliitwa kupe. Tuliambiwa kwamba ana mirija, na kwamba mirija hiyo lazima ikatwe. Mtu anayedhani kwamba lugha hiyo ilitoka katika vitabu vya siasa vya Ulaya peke yake hajakaa na wazee wa vijijini. Walipoisikia, hawakuhitaji darasa. Walikuwa wanaijua tayari mirija na walijua inachomekwa wapi.

Nikiichambua kama kazi ya fasihi, na hotuba nzuri ni fasihi, naona kwamba lugha ya unyonyaji ilifanya jambo moja la maana na ikakosa moja. La maana ni kwamba iliitoa hofu gizani. Ilisema kwamba anayekunyonya si jini wala mwenye sindano, ni mfumo wa mali na kazi, na unaweza kubadilishwa mchana kweupe kwa sheria na mkutano. Hiyo ilikuwa tafsiri safi ya kile ambacho chinja-chinja alikuwa akikisema kwa mafumbo. Iliyokosa ni kwamba kupe hana sura, na hofu isiyo na sura hutafuta mtu wa kumvisha. Mara ikawa mwenye duka ndiye kupe, na mara nyingi mwenye duka alikuwa Mhindi au Mwarabu aliyezaliwa papa hapa, mtoto wa watu waliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Mwenye kiti kikubwa, ambaye huenda alinyonya zaidi, alikuwa ndiye mwenye kipaza sauti. Kasoro ya mumiani ilihamia katika siasa: kinywa kilichoahidi kutuokoa na kinywa kilichonyonya viliweza kuwa kimoja, na msikilizaji hakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Hapa narudi kwa Welles na sauti zake mbili, kwa sababu kuna jambo katika hadithi ya Stoker ambalo linatuhusu leo kuliko linavyowahusu Waingereza. Katika hadithi ile, binti Lucy anapofifia kwa kunyonywa, madaktari wanamwekea damu ya wanaume wanne waliokuwa tayari kumtolea, mmoja baada ya mwingine. Daktari ndiye anayetia, Dracula ndiye anayetoa. Mstari kati yao ni wazi hata kwa mtoto. Kwetu mstari huo haukuchorwa kamwe. Sindano ni ya mumiani, na sindano ni ya hospitali. Gari la usiku ni la mumiani, na gari la usiku ni la wagonjwa.

Hili si suala la fasihi tu. Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alijifungua kwa shida katika hospitali moja, akapoteza damu nyingi. Ndugu tuliombwa tuchangie. Tulikuwa wanaume saba barazani, wenye afya, waliokula na kushiba. Wawili walisimama. Kaka mmoja, ambaye simlaumu, aliniambia kwa sauti ya chini, "Bwana, mwanangu, damu ikishatoka unajuaje inakwenda wapi?" Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, aliyesoma, mwenye redio nzuri nyumbani. Hakutaja chinja-chinja. Hakuwa na haja. Swali lake lilikuwa lile lile la bibi yangu, neno kwa neno: damu inakwenda wapi? Mpwa wangu alipona kwa damu ya wale wawili na ya mtu tusiyemjua, aliyekuwa amechangia kabla. Nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha kanda ya magharibi kiko hapa hapa Tabora, na kazi yake inategemea watu wasiojuana waamini kwamba damu yao inakwenda kwa mgonjwa. Mabango hayawezi kulijibu swali la kaka yule. Bango humwambia mtu atoe. Halimsikilizi anapouliza.

Mchezo wa redio ungeweza kulijibu. Nasema hivyo kwa sababu tumewahi kuona redio yetu ikiingia katika habari za damu, na ikaifanya kazi hiyo vizuri. Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Katika mchezo huo alikuwapo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake njiani. Alikuwapo mkewe Tunu, aliyevumilia mpaka akachoka, akaanza biashara ndogo ili asimame kwa miguu yake. Alikuwapo pia Fundi Mitindo, mshonaji mwenye busara, ambaye wengi tulimwona mwema mno lakini tulifuata maneno yake. Watafiti waliupima mchezo huo kwa njia ya pekee: kwa miaka miwili mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili watu wa huko walinganishwe na wa mikoa mingine, na ilionekana kwamba waliousikiliza walibadilika zaidi katika mambo ya uzazi wa mpango na kujikinga.

Sijasikia mtu akiuita Twende na Wakati mchezo wa mnyonya damu. Mimi nauita hivyo. Stoker alisema kwamba Dracula hawezi kuingia katika nyumba mara ya kwanza mpaka mtu wa nyumba hiyo amkaribishe. Mkwaju alikaribishwa. Alifika na zawadi, na kicheko, na sauti nzito ya mwanaume mwenye fedha za safari, nayo damu ikabadilika kimya kimya bila jeraha shingoni. Njia alizopita ndizo njia za vijana wetu tangu zamani: barabara kuu, vituo, nyumba za wageni. Lakini Mkwaju hakuwa jini wala mgeni. Alikuwa mtu wetu. Kila mtaa ulikuwa naye. Na mchezo haukumaliza mambo katika saa moja kwa kigingi kifuani. Ulikwenda mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, kwa mwendo ambao maradhi yenyewe yalikwenda. Msikilizaji hakuambiwa akamate mtu usiku. Aliambiwa ajitazame mwenyewe, kisha akatazame nyumba yake.

Huo ndio ubora wake, na siuoni katika Dracula. Mchezo wa Welles ni mzuri kwa ufundi, lakini mwisho wake hauna ujasiri. Baada ya mchezo kumalizika, Welles anajitokeza kwa sauti yake mwenyewe na kuwaambia wasikilizaji walale kwa amani. Mbwamwitu analia, anasema ni mlio wa studio tu. Kisha, kwa mzaha, anawaachia neno kwamba viumbe hivyo vipo. Ni mzaha mtamu. Lakini mtu anayeweza kusema kwa mzaha kwamba wanyonya damu wapo ni mtu ambaye katika mtaa wake hakuna aliyewahi kupigwa mawe kwa ajili ya neno hilo.

Lakini Twende na Wakati nao una upungufu, na haki ya mhakiki ni kusema pande zote. Katika kumrudisha msikilizaji nyumbani kwake, mchezo ulimsahau mkubwa wa mbali. Kila kosa lilikuwa la mtu na tabia yake. Hatukuuliza sana kwa nini dereva akae wiki tatu barabarani, au kwa nini mwanamke wa kituoni hakuwa na riziki nyingine. Mumiani, pamoja na uwongo wake wote, alikuwa anauliza hilo. Alikuwa akisema kwamba kuna mtu anafaidika. Bibi yangu alikosea kuhusu gari chini ya mwembe, lakini hakukosea kwamba vijana waliondoka na nguvu na kurudi bila nguvu, na kwamba kuna mahali nguvu hizo zilikwenda.

Basi, iwapo kijana mmoja mwenye kalamu atataka kuandika mchezo wa mumiani kwa redio za leo, ambazo ni nyingi na nyingine ziko papa hapa mjini, ningemwomba mambo matatu. La kwanza, aujengee mchezo wake mlango. Aanze kwa namna ambayo hata aliyefungua redio katikati atajua kwamba anasikiliza hadithi. Asitumie sauti ya taarifa ya habari, wala asitaje mtaa wa kweli. La pili, asimcheke anayeogopa. Mchezo unaomfanya mwanakijiji kuwa mjinga mbele ya daktari hautamfikisha mtu yeyote kwenye kiti cha kuchangia damu. Amwache mzee aulize swali lake hadi mwisho, na daktari alazimike kujibu, hata kwa kumwonyesha chupa, friji, daftari na mgonjwa mwenyewe. La tatu, sauti ya daktari na sauti ya mumiani aziigize mtu mmoja, kama alivyofanya Welles, lakini kwa makusudi. Msikilizaji azisikie zikifanana, ashtuke, kisha ajifunze kuzitofautisha kwa matendo, kwa kuwa katika maisha hakuna namna nyingine ya kuzitofautisha.

Mchezo kama huo hautakuwa wa kutisha sana. Huenda hata mlio wa mbwamwitu usiwemo. Lakini ungempa kaka yule wa barazani kitu ambacho hakuna aliyewahi kumpa, yaani jibu linaloanza pale swali lake linapoanzia. Na redio, ambayo kwa miaka mingi ilinyamaza kwa hofu ya kuua, ingesema kwa nia ya kuokoa.